Samli Iliyoziba Koni za Chelangat

Kwako Leah, mke mwenzangu, huko nyumbani Keringet.

Kabla ya neno lolote, kaa chini. Najua ukisikia barua yangu imefika utasimama mlangoni na mkono kiunoni kama mtu anayengoja kuambiwa nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Mtoto wetu Chelangat yuko hai na mgongo wake unapona. Mimi pia niko hai, isipokuwa magoti, na hayo yalikufa zamani wewe ukiwa shahidi.

Nawe Mama Chepkirui, jirani yetu unayemsomea, asante. Keti upande wake wa kulia, maana sikio la kushoto siku hizi ni la kuvalia hereni tu. Na usiruke maneno makali. Nimeyasema nikijua nayasema.

Haya Leah, u hali gani? Kifua kimenyamaza? Yule ng'ombe ameacha kupiga ndoo teke, ama bado anakuonea kwa sababu anajua mimi sipo? Baridi ya huko najua imeshaanza kuuma. Blanketi langu zito liko chini ya kitanda, litoe ulale nalo. Usinitunzie kama urithi. Blanketi ni la mtu aliye na baridi.

Ningekupigia simu, lakini wewe na simu mmeshindwana. Mara ya mwisho nilikwambia "nakuja," ukasikia "nakufa," ukaita kanisa zima wakaja kuniombea, na mimi niko hapa namenya ndizi. Kwa hivyo leo nimeketi uani kwa Chelangat, hapa Bondeni, Nakuru, na jirani yake Mama Zaituni ananiandikia. Ni Mwislamu, kazaliwa hapa hapa Bondeni, na Kipsigis chake kinaanzia kwenye salamu, "chamgei," na kuishia hapo hapo. Ndiyo maana unanisikia naongea Kiswahili kirefu kama chifu. Ananiambia, "Shosho, pole pole, huu ni mkono si mashine." Kila siku namwambia shosho ni bibi wa Wakikuyu, kwetu bibi ni kogo. Ananijibu, "Sawa, shosho."

Sasa nisikilize, maana nimekuandikia kwa hasira, na hasira yenyewe si yako.

Wesley alipitia hapa akitoka kwake Ndabibi. Ndiyo, Wesley huyo huyo, kifungua mimba wangu, uliyembeba mgongoni zaidi ya nilivyombeba mimi. Alileta kabichi na maneno. Kabichi zilikuwa nzuri.

Alikunywa chai, akafuta mdomo, akaniambia, "Mama, Mama mdogo hawezi kuendelea kukaa peke yake kule. Viazi vikishatolewa namchukua kwangu Ndabibi. Nyumba tutaifunga."

"Mtaifunga na nini?"

"Nimeshanunua kufuli."

"Na mimi?"

"Wewe si uko hapa na Chelangat? Uko sawa."

Leah, nilimwangalia huyo mtoto mpaka akaanza kutafuta kofia yake. Nikamuuliza kama wewe umekubali. Akasema ulitikisa kichwa. Nikamwambia, "Huyo hutikisa kichwa akiwa hajasikia!" Lakini alipoondoka nilikaa na lile neno likanikaa tumboni kama ugali mbichi. Kwa sababu inawezekana ulisikia. Inawezekana ulisikia vizuri ukakubali, kwa kuwa mimi nilisema naenda mpaka mtoto asimame, na mtoto amesimama, na mimi sijarudi.

Nyumba hiyo haijawahi kufungwa kufuli tangu mzee alipotujengea. Ina komeo la ndani tu. Nani angefunga kwa nje, na siku zote mmoja wetu yuko ndani? Ukienda sokoni mimi nipo. Nikienda kliniki wewe upo. Hata siku tulipomzika mzee pale nyuma ya jikoni mlango ulikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka. Sasa mtu aende dukani anunue kufuli la kutufungia nje sisi!

Basi nikueleze kwa nini sijarudi, usije ukafikiri nimenogewa na mji. Mji gani? Hapa nalala kwenye kochi lenye chuma katikati, na chuma chenyewe kimenizoea.

Unajua kazi ya mtoto wako ni maua ya vyungu. Anayauza kwa watu wa Milimani, anayapeleka maofisini, anayakodisha kwa harusi. Ua wote huu umejaa vyungu, hakuna pa kuweka mguu. Kuna jerania, kuna mawaridi, kuna yale majani makubwa yenye matundu kama yameliwa na mbuzi, ambayo watu wa maofisi wanayapenda sijui kwa nini. Yote yanakunywa. Na Chelangat tangu alipopasuliwa mgongo daktari amemkataza kuinua kitu chochote kizito kuliko birika ya chai. Maji ya mfereji huja siku yanayotaka. Yakija ni foleni, na mfereji uko mwisho wa laini ya nyumba. Kwa hivyo anayebeba mtungi ni nani? Ni huyu huyu mama mkubwa.

Nabeba asubuhi, nabeba jioni. Namwagilia kwa kikombe, chungu baada ya chungu, nimeinama. Nikifika cha mwisho, cha kwanza kimeshakauka, maana jua la hapa na vumbi lake halina huruma. Wewe ndiye uliyemzaa huyu mtoto na mimi ndiye niliyetumwa, kwa sababu kifua chako hakiwezi vumbi la Nakuru. Silalamiki kutumwa. Lakini nimechoka, Leah. Nimechoka uchovu ambao hauondoki kwa kulala. Naamka nao, tunavaa viatu pamoja.

Chelangat aliniona. Si mjinga. Siku moja alinikuta nimekaa juu ya mtungi, siwezi kuuinua na siwezi kuuacha. Kesho yake akarudi kutoka mjini na mfuko, akaumwaga mezani. Vikatoka vitu vya udongo uliochomwa, vimechongoka mbele kama pembe za ndama, havina rangi wala urembo. Juu kila kimoja kina kifuniko cha plastiki, na kwenye kifuniko mrija mwembamba kama kamba ya kiatu.

"Hizi ni nini tena?"

"Koni, Mama mkubwa."

"Koni ni ile ya barafu, watoto wanalamba."

"Hii ni ya maua. Unaijaza maji, unaizika kwenye chungu karibu na mizizi. Mrija unaingia kwenye chupa ya maji hapo kando. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia kwenye koni, na koni inavuta kwenye chupa. Udongo ukishiba, unaacha. Ni kama mtoto na titi."

"Na nani anamwagilia?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimenunua. Chupa zinajazwa mara moja moja tu. Zikifanya kazi, wewe unaweza kwenda nyumbani."

Alisema hivyo akiangalia dirishani. Mimi nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi mbele yake.

Akasema lazima koni zilowekwe kwanza kwenye ndoo ya maji, kisha zizikwe kesho. Mgongo ulikuwa unamuuma, akaenda kujilaza. Nikaziloweka. Jioni nikatoa moja, nikaipangusa vizuri, nikaijaza maji nikaiinua. Leah, ilikuwa inatoka jasho mwili mzima. Nikaipangusa tena, ikatoka jasho tena. Nikatoa ya pili, hivyo hivyo. Nikasema moyoni, masikini mtoto wangu, ameuziwa vyungu visivyokaangwa.

Unanielewa. Mama mkwe alitufundisha sote wawili pale pale jikoni kwake: chungu kipya hakitoki kwa mfinyanzi kikaenda kazi. Unakikausha, unakipaka mafuta ndani na nje, unakipasha moto, unakipaka tena, mpaka kiache kulia. Wewe cha kwanza ulikiweka motoni bila mafuta, maharagwe yakavuja yakazima moto, na mzee akalala na njaa siku ya kwanza ya kula kwako. Usijifanye umesahau.

Kwa hivyo nikachukua ile samli uliyonitumia ya magoti. Nikawasha jiko. Nikazikausha koni moja moja, nikazipaka, nikazipasha, nikazipaka tena. Magoti yangu nikayanyima. Zikang'aa, Leah! Zikawa kahawia nzuri kama pembe za fahali wa sherehe. Nikajaza maji, nikainua juu. Hata tone. Nikajisifu peke yangu nikalala vizuri, hata chuma cha kochi sikukisikia.

Asubuhi tukazika. Chelangat akashika moja akasema, "Mbona ziko laini hivi?"

Nikamwambia, "Nimezitengeneza."

Yeye akafikiri nimezisugua. Akasema asante.

Tukazizika zote, mirija kwenye chupa, chupa kando ya vyungu. Halafu akanikataza. "Mama mkubwa, wiki nzima usiguse maji. Tukitaka kujua kama zinafanya kazi, wewe usisaidie."

Wiki hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya kubeba maji. Mtu aliyezoea kubeba, mwambie akae, mikono haijui iende wapi. Nilikaa hapa uani nikaangalia maua. Siku za kwanza yalikuwa sawa. Halafu jerania zikaanza kulegeza majani, halafu mawaridi yakainamisha vichwa, na yale ya matundu yakajikunja pembeni kama karatasi iliyokaribia moto. Na chupa zilikuwa zimejaa vile vile. Maji hayakushuka hata upana wa kidole.

Na kulikuwa na harusi inayokuja. Mama wa bibi harusi alikuwa ameagiza jerania nyeupe za kupanga kuanzia mlango wa kanisa mpaka mbele. Nyeupe zilikuwa hizo hizo zinazokufa.

Nilinyemelea na kikombe. Nikasikia dirishani, "Mama mkubwa! Nimekuona!"

"Yanakufa, Chelangat!"

"Yaache! Nataka kujua!"

Akampigia aliyemuuzia. Nilikuwa karibu, nikasikia vita vyote. "Boss, umeniuzia takataka! ... Niliziloweka! ... Hakuna hewa, nilijaza mpaka juu! ... Ati maji ya Nakuru?" Huyo mtu alikuwa anamwambia maji yetu yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe, yanaziba vitundu vya udongo. Na kweli maji ya hapa yana chumvi, sufuria zinaota mvi. Kwa hivyo Chelangat akaamini. Nikazisugua koni nilizoambiwa nisugue, nikarudisha. Hakuna kitu. Mimi nilikuwa nasema moyoni, hizi koni nzuri nilizozikaanga mwenyewe, kosa liko wapi?

Kosa alilipata huyu anayeandika. Anacheka sasa hivi, wino unaruka. Mama Zaituni aliingia na sahani ya mandazi, akaona maua, akasema, "Subhanallah, nani kafiwa?" Akaweka sahani chini, akachomoa koni moja kwenye chungu, akaigeuza, akaipeleka puani. Akanusa mara ya pili.

"Chelangat. Hii koni imekaangwa."

"Imekaangwa na nini?"

"Samli. Samli safi ya ng'ombe. Mimi nimepika pilau maisha yangu yote, kwa samli huwezi kunidanganya."

Wote wawili wakanigeukia.

Nikawaambia, "Sasa mlitaka zivuje?"

Chelangat akasema polepole, kama anayeongea na mgeni, "Mama mkubwa. Kuvuja ndiyo kazi yake."

Hapo ndipo nikaelewa, na ardhi ikakataa kupasuka inimeze. Jasho hilo ndilo maziwa yenyewe. Mimi nimeliziba titi kwa mafuta, halafu nimekaa namshangaa mtoto anavyokonda.

Mama Zaituni alicheka mpaka akakaa juu ya mandazi yake. Chelangat naye akaanza kucheka, amejishika mgongo, "Aki msinichekeshe, inauma, inauma," na machozi yakamtoka. Halafu nikaona machozi si ya kicheko tena. Mama Zaituni naye akaona, akasema anaenda kuangalia sufuria yake, na hakuwa na sufuria yoyote motoni.

Nikamshika bega. Nikamwambia, "Nimekuharibia kazi, mtoto. Sema unachotaka kusema."

Akasema, "Si hiyo. Nilipoona maji hayashuki, nilifurahi. Maua yangu yanakufa, harusi inaharibika, na mimi nafurahi. Nilijiambia, basi, koni zimekataa, Mama mkubwa haendi."

Mtu mzima, ana mvi hapa mbele, ananiambia hivyo akiwa amekaa kwenye ngazi kama siku ile alipofukuzwa na bata wetu. Nilimsugua huyu mgongo kila asubuhi tangu alipotoka hospitali. Nilimvalisha soksi. Nilidhani ananivumilia tu kwa sababu hawezi kuinama.

Nikamwambia hivi, na Mama Zaituni aandike kama nilivyosema: "Una mama wawili. Mmoja umekaa naye msimu mzima, amekuona ukitambaa mpaka ukasimama. Yule aliyekuzaa anapika chai ya mtu mmoja kila siku, na kaka yako ameshanunua kufuli."

Akainua kichwa. "Kufuli gani?"

Wesley hakumwambia. Alikuwa amemwambia tu kwamba utapumzika Ndabibi. Nikamweleza yote, nyumba kufungwa, wewe kuhamishwa, mimi kubaki hapa kama kochi. Alisikiliza hadi mwisho. Akajipangusa pua na kanga yangu, safi niliyoitoa kwenye kamba, akasema, "Washa jiko."

Tukazichimbua koni zote. Tukaziweka kwenye makaa yenyewe, si juu ya jiko, ndani kabisa, mafuta yaungue yatoke. Leah, moshi! Harufu ilizunguka Bondeni nzima, watu wakachungulia getini wakiuliza nani anachoma nyama mchana na haaliki. Samli yako iliungua yote ikaenda mbinguni. Chache zilipasuka kwa moto. Zilizobaki zilitoka zimekauka na nyeusi nyeusi, tukazisugua, tukaziloweka upya kwa maji ya mvua ambayo Mama Zaituni alikuwa ameyakinga kwenye pipa lake. Nikainua moja. Ikatoka jasho. Safari hii sikuipangusa.

Hata hivyo hatukumaliza kukosea. Chupa tuliziweka juu ya stuli ili maji yashuke kwa urahisi, na yakashuka kweli, usiku kucha, jerania moja tukaikuta inaogelea. Chelangat akasema kumbe chupa inafaa ikae chini, usawa wa chungu, udongo uvute wenyewe kwa kadiri ya kiu yake. Tukazishusha. Baada ya hapo chupa zikaanza kupungua, kidogo kidogo, huwezi kuona zikipungua lakini ukirudi zimepungua.

Si yote yaliyopona. Mawaridi mengine tumeyatupa. Jerania nyeupe tumezikata kata, zilizosimama ni chache. Mama wa bibi harusi alikuja akalalamika sana, na alikuwa na haki, kisha akakubali achanganyiwe na nyekundu. Chelangat amempunguzia. Ile hasara ni yangu na nimemwambia, naye ameniambia ninyamaze nile.

Juzi niliamka kama kawaida. Mkono ukashika mtungi wenyewe kabla macho hayajafunguka. Nikaja hapa uani na kikombe changu, nikatia kidole kwenye chungu cha kwanza. Udongo ulikuwa na unyevu. Cha pili pia. Nikaenda navyo vyote, kidole baada ya kidole, kila mahali nimetanguliwa. Nikabaki nimesimama na kikombe sijui nikifanye nini. Sikutegemea kuumia, lakini niliumia kidogo. Halafu magoti yakaniambia keti, nikaketi kwenye ngazi, na usingizi ukanichukua hapo hapo jua likinipiga usoni. Nilipoamka nilikuwa nimefunikwa na kanga, na Chelangat yuko kando yangu na birika, amejibebea mwenyewe, chai imeshapoa akinisubiri.

Akasema, "Nenda kwa Mama. Mimi nitavuja kidogo kidogo hapa, nitazoea."

Nikamwambia akiwa na kiu aje nyumbani, njia anaijua.

Kwa hivyo imepangwa. Harusi ni Jumamosi. Maua yakishapakiwa, kazi yangu hapa imekwisha. Mama Zaituni amekubali kujaza chupa, ni kazi ya kikombe tu, na kijana wa mkokoteni ninayepanga naye foleni ataingiza mitungi mpaka ndani. Kijana huyo ameshaniaga, "Mathe, unatuachia nani wa kutugombeza kwa foleni?" Nikamwambia ajigombeze.

Chelangat amempigia kaka yake. Sikusikia yote, nilisikia tu, "Umemuuliza nani?" ikirudiwa mara nyingi. Baadaye Wesley akanipigia mimi. Akasema, "Mama, nilikuwa nawaza tu mema." Najua. Ndiyo sababu sijamlaani, nimemtukana tu. Nikamwambia kama anataka kukusaidia aje atoe viazi, arekebishe paa upande wa jikoni, halafu arudi kwa mke wake. Akasema sawa. Alikuwa na sauti ya alipokuwa mdogo.

Sasa wewe. Kama uliitikia kwa sababu hukusikia, umesamehewa. Kama uliitikia kwa sababu uliona mimi nimekuacha, basi hilo tutalizungumza mimi na wewe, jikoni, na nitakugombeza mpaka uombe maji. Ulifikiri nitazeekea wapi? Kwenye kochi? Nani huku anajua kwamba sinywi chai ya kwanza? Nani ataniambia nimezidisha chumvi? Hapa nikizidisha chumvi wanakula tu, wanasema asante Mama mkubwa. Nataka kurudi mahali ambapo nikikosea mtu ananiambia.

Samli nyingine usinitumie. Iweke, nakuja kuipaka hapo hapo penye moto.

Nisalimie mchungaji na umwambie sijafa. Nisalimie shemeji yetu Arap Kirui, kaka yake mzee, na umwambie jembe langu alilochukua nalikumbuka. Mkaza mwana wetu wa Ndabibi, mke wa Wesley, mwambie simlaumu, najua hakuulizwa naye. Mjukuu wetu mdogo wa hapo mtoni umpe busu, na kama amepoteza jino amwekee kogo wake alione. Ng'ombe usimsalimie. Chelangat anakusalimu, amesema atakuja mgongo ukiruhusu gari. Mama Zaituni anakusalimu ingawa hamjuani, na anauliza hiyo samli inatengenezwaje.

Lile kufuli la Wesley, mpe Mama Chepkirui afungie kuku wake, maana najua anaibiwa.

Mlango wetu uache na komeo tu. Jumapili ukiona mtu anausukuma bila kubisha, usishike rungu.

Ni mimi, Rael, wa jiko moja nawe.

Mama Chepkirui, hili la mwisho lisome mara mbili, na sauti uipandishe, na umwonyeshe kwa mkono: nakuja, Leah. Ja. Nakuja.